Warsiti, Aliyerukwa na Ukoo Mzima

Kwetu Sumberwungu, mashariki mwa kisiwa cha Java, mdogo hamtangulii mkubwa wake kwenye ndoa hivi hivi tu. Akitaka kutangulia, sharti aje apige magoti mbele ya kaka au dada ambaye bado hajapata mwenzi, aombe njia, alete kitambaa cha batiki pamoja na kitu chochote ambacho mkubwa amekitaja. Kisha muwa mweusi hulazwa mkekani na mdogo akauruka. Hapo ndipo watu husema mkubwa amerukwa. Kurukwa mara moja ni jambo la kawaida. Ukirukwa mara mbili, wanawake wa msikitini wanaanza kukuombea dua kwa sauti ambayo hata wewe unaisikia. Warsiti alirukwa mpaka nyumba ikajaa.

Nasema ikajaa, na sitanii. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Marto na Mama Sarmi, mwenye kibanda cha mboga za kuchemsha na mchuzi wa karanga pale kwenye baraza ya nyumba yao. Mdogo wake Pamuji alimruka kwa cherehani, ingawa Warsiti hajui kushona hata kifungo. Walimwuliza ghafla anataka nini, macho yake yakaangukia suruali ya mgeni mmoja iliyochanika, basi akasema cherehani. Lestari, anayefuata, akamruka kwa jokofu. Hapo mambo yangekwisha, abaki kitinda mimba tu, Wening, ambaye wakati huo alikuwa bado anasoma.

Aliyeyaharibu ni mama mdogo wake, Jumirah. Pamuji alipata mapacha kabla mwaka haujaisha, na Lestari naye akapata mapacha, na Jumirah ni mtu wa kujumlisha haraka. Akaamua kwamba ruhusa ya Warsiti ina baraka ya uzazi ndani yake. Binti yake mwenyewe hakuwa na mkubwa wa kumruka, lakini akamburura mpaka kwa Warsiti, akampigisha magoti, akampa Warsiti feni mbili na kumwambia msichana aruke. Wakaja mabinamu wengine, na watoto wa mabinamu, kisha watu wa kijiji cha pili waliodai undugu wa kuungaunga. Likaja jiko la gesi. Zikaja spika za kuimbia, kabati la nguo lenye kioo mlangoni, feni nyingine mbili. Feni zote nne zikiwashwa pamoja umeme unakatika, kwa hiyo binamu aliyefuata aliambiwa aruke kwa jenereta. Ndani ya nyumba ile watu walipita ubavu ubavu, na Mama Sarmi alilala huku miguu yake ikiwa chini ya meza ya cherehani.

Usidhani watu walimhurumia tu. Wapo waliomwonea wivu. "Mwenzetu kurukwa kumemlipa," jirani mmoja alisema huku akitafuna krupuk kibandani pa kina Warsiti, zile kaukau za uduvi. "Mimi niliolewa mapema, na nina nini leo? Nina Paijo." Paijo alikuwa amekaa pembeni yake, akaendelea kula.

Na kila asubuhi Jumirah alikuwa wa kwanza kibandani. Hakuwa mwanamke mbaya. Angekuwa mbaya tungemzoea. Alikuwa na mapenzi, na mapenzi yake yalikuwa na swali moja tu.

"Yote ni kwa wakati wa Mungu, mwanangu," alikuwa akisema, akivuta sahani. "Tusimharakishe Mungu. Kila kitu kimepangwa." Anameza tonge. "Sasa lini?"

"Sijui, mama mdogo."

"Hujui hata kwa kukisia?"

Utafikiri kalenda ya Mwenyezi Mungu imefichwa chini ya sufuria ya Warsiti naye anaikalia kwa uchoyo. Ningekuwa mimi ningemwagia mchuzi. Warsiti alitabasamu tu na kumwongezea mchicha, ndiyo maana kila mtu wa Sumberwungu alisema yule mwanamke ana moyo mpana.

Hakuwa na moyo mpana. Alikuwa na tabasamu jepesi, basi. Kila alipokaa kwenye arusi alimkagua bibi arusi kuanzia kisigino hadi kisogo. Huyu wali unamwungulia, na ameolewa. Huyu ana hasira, mama yake mwenyewe anamkwepa, na ameolewa. Huyu nilimfundisha mimi kufunga nywele, na ameolewa. Alijua kila msichana wa tarafa ile aliolewa akiwa na umri gani, kama wengine wanavyojua tarehe za misiba. Ilifika mahali akamwonea wivu bata wa jirani, eti kila jioni anarudi nyumbani na mwenzake.

Lakini alivumilia, mpaka siku alipokuja Babu Karso.

Babu Karso alikuwa na meno mawili, na mke wake alikuwa amefariki siku nyingi. Kwetu ukubwa wa undugu haupimwi kwa mvi, unapimwa kwa nani alitangulia kuzaliwa kule juu kwa mabibi na mababu. Bibi yake Karso alikuwa mdogo wa bibi yake Warsiti, kwa hiyo Karso, pamoja na fimbo yake na kikohozi chake, alikuwa mdogo wake Warsiti. Alikuja amevaa kofia ya sala na koti la arusi yake ya kwanza.

"Dada," akasema, "nimekuja kuomba njia."

"Njia ya kwenda wapi, babu?"

"Usiniite babu, unanifanya nikose adabu. Mimi mdogo wako. Nataka kuoa."

"Unataka kumwoa nani?"

"Yule mama wa viazi vitamu, Ngatinah. Tumeelewana."

Warsiti akaweka mwiko chini. "Lakini wewe uliwahi kuoa. Mbona mara ile hukuja kuomba?"

"Dada, mara ile ulikuwa hujazaliwa. Ningemwomba nani?"

Mzee akapiga magoti, akaomba njia kwa maneno mazuri ya zamani ambayo vijana wa leo hawayajui, kisha akashindwa kuinuka. Wakamwinua. Muwa ukalazwa, akautazama kama mtu anayetazama mto uliofurika, na mwisho wateja wawili wakamshika makwapani wakamvusha hewani, miguu yake ikipiga mateke kidogo kwa ajili ya kutimiza mila. Watu wakashangilia. Zawadi yake ilikuwa jogoo anayewika saa saba mchana.

Warsiti alicheka pamoja nao. Alipoingia jikoni akaanza kutwanga karanga, akatwanga na kutwanga, mpaka mafuta yakatoka na karanga zikawa uji. Iliuma. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Alikuwa amerukwa na mtu ambaye hawezi kuruka.

Baada ya mavuno ndipo Wening akamleta Danang nyumbani.

Wening huyu si mdogo tu. Mama Sarmi aliugua sana baada ya kumzaa, na Warsiti, aliyekuwa msichana mkubwa, ndiye aliyemfunga mtoto mgongoni na kuuza mboga huku akimbembeleza. Alimfundisha kutembea katikati ya masufuria. Sasa Wening alifundisha watoto wa chekechea, na Danang alikuwa fundi wa pampu za kumwagilia mashamba ya mpunga, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Alikuwa amepata kazi Kalimantan, ng'ambo ya bahari, kazi ya miaka, na anayekwenda kule na mke hupewa nyumba. Wazee wakahesabu siku zao, wakasema ndoa ifungwe kabla ya kuandama mwezi wa Suro, ambao kwetu hakuna anayethubutu kuoa ndani yake. Suro ikiisha Danang atakuwa ameshapanda meli. Ama sasa, ama Mungu ndiye ajuaye.

"Dada, unataka nini?" Wening alimwuliza.

"Sitaki kitu. Tutakiweka wapi?"

"Lazima utaje kitu."

"Basi nitafikiria."

Mama Sarmi akamwita pembeni, yaani katikati ya jokofu na jenereta. "Warsiti, nisikilize. Wale wengine ulisema umeridhia, nikanyamaza. Huyu ni Wening. Siku ile utaulizwa, na ukisema umeridhia kwa mdomo huku moyo unakataa, mkosi hauji kwako. Unamwangukia anayeruka."

"Najua, mama."

"Basi ridhia."

"Ndiyo, mama."

Ni rahisi kusema ridhia. Jaribu kumwambia mtu apige chafya. Warsiti alianza mazoezi. Alisimama mbele ya jokofu akaliambia, "Nimeridhia," na jokofu likanguruma kama linavyomngurumia kila mtu. Akamwambia jogoo. Akakiambia kioo cha kabati, akaona uso wa mwanamke anayeuza samaki wa jana. Aliwaza nyumba ile ya Kalimantan, aliwaza Wening akimkimbilia mtu mwingine jioni, akakipa kioo kisogo. Kilichomtisha hakikuwa aibu. Kilichomtisha ni kwamba angefungua mdomo, aseme uongo, na uongo huo umwangukie mtoto aliyembeba mgongoni.

Siku ya kuruka ilikuwa siku moja kabla ya ndoa. Turubai likafungwa uani, viti vikakodiwa, spika zile za kuimbia zikatolewa nje, na Mzee Sukarman, mshereheshaji wetu, akaja na sauti yake ya kutangazia ufalme. Ukoo wa Danang ukafika na magari mawili. Aliyewaongoza alikuwa mjomba wake, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa tumbo na pete. Mlima wa wali wa manjano ukawekwa mezani. Muwa ukalazwa mkekani.

Wening akapiga magoti, amevaa batiki ya kahawia, machozi tayari. "Dada yangu uliyenilea, naomba njia."

Mzee Sukarman akasogeza kipaza sauti. "Warsiti binti Marto, mbele ya Mungu na mbele ya hadhara hii tukufu, umeridhia?"

Warsiti akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, ameshalisema mbele ya jokofu mara nyingi.

"Bado," akasema.

Mama Sarmi akakaa kwenye kiti ambacho kilikuwa na mtu.

Sasa hapa ndipo kosa lilipotokea, na ni kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Kwetu mtu hasemi la moyoni mbele ya watu. Ukikaribishwa chakula unakataa, unakataa tena, ndipo unakula. Kwa hiyo mtu akisema bado, hakuna anayewaza kwamba kweli ni bado. Mjomba wa Danang alimtazama Warsiti kwa heshima mpya, heshima ya mnadani, akainua kidole chenye pete.

"Ongezeni mbuzi."

"Mbuzi ameongezwa!" Mzee Sukarman akanguruma kwenye spika. "Jike, mwenye mimba! Warsiti, umeridhia?"

"Jamani, sikumaanisha hivyo..."

"Amekataa mbuzi!"

"Sijakataa mbuzi!"

"Anataka mbuzi na kitu kingine!"

Watu wakapiga makofi. Jumirah alikuwa amesimama juu ya kiti, kanga imelegea. "Shikilia hapo hapo, mwanangu! Wana ndama hao, mimi nimemwona garini!"

"Ndama!" akasema mjomba, jasho likimtiririka.

"Ndama!" zikajibu spika.

Danang, maskini, akajitokeza na masikio yake yamekuwa mekundu, akasema kwamba yeye ana pampu moja, mpya kabisa, anaitoa. Shangazi yake akavua bangili. Kuna mtu upande wa nyuma alitaja trekta dogo, akapigwa kiwiko na mkewe. Ndama akaletwa mpaka kwenye mkeka, akaukuta muwa, akaanza kuutafuna.

"Bado?" akauliza Mzee Sukarman, sasa anafurahia kazi yake kuliko siku nyingine yoyote.

"BADO!" Warsiti akapiga kelele. "Bado, bado, bado! Hebu niacheni niongee na mdogo wangu!"

Akamshika Wening mkono. Lakini aongee naye wapi? Uani ni watu. Jikoni ni wapishi. Chumbani kwa mama kuna cherehani na wageni watatu waliolala. Akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akamvuta hadi kwenye kabati la nguo, akalifungua, akamsukuma bibi arusi ndani, akaingia na yeye, akavuta mlango.

"Waheshimiwa wageni," wakasikia sauti ya Mzee Sukarman kutoka nje, imeshuka kidogo, "wahusika wako kabatini. Tafadhali endeleeni na chai."

Ndani kulikuwa giza na harufu ya batiki za kurukwa, kila moja bado kwenye mfuko wake wa nailoni. Goti la Wening lilikuwa mbavuni mwa dada yake.

"Dada, kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Siwezi kusema uongo ukuangukie wewe, ndiyo hilo tu."

"Kwa hiyo hutaki niolewe?"

"Nataka." Akavuta pumzi. "Nakuonea wivu, Wening. Haya, nimesema. Nakupenda na nakuonea wivu, vyote viwili vimo humu, vimebanana kama sisi."

Nje ndama alilia, mtu akamtuliza.

"Niambie unataka nini," Wening akasema. "Kweli kweli. Achana na mbuzi."

Warsiti hakuwahi kuulizwa hivyo, au aliulizwa akajibu cherehani. "Nataka wasiniulize tena lini," akasema, na sauti ikamkatika. "Wakiniuliza lini, naanza kupima. Lestari lini, binti wa Jumirah lini, mama wa viazi lini. Najilaza usiku najipanga kwenye foleni, naangalia nani amenipita. Nimechoka. Nataka mtu anione aniulize kitu kingine chochote, hata bei ya vitunguu."

"Basi hiyo ndiyo zawadi yako. Nitawaapisha wote. Lakini na wewe uache."

"Niache nini? Mimi simwulizi mtu."

"Unamwuliza Mungu."

Warsiti akashtuka, kisogo kikagonga ubao wa kabati.

"Dada, ukuta wa kwetu ni wa mbao. Tangu nikiwa mdogo nakusikia kila alfajiri baada ya sala. 'Mola wangu, lini? Lestari umempa, mimi lini?' Mwezi ule ulisema, 'Hata Karso, Mola wangu? Hata Karso?' Niliuma mto nisicheke. Unamwuliza vile vile mama mdogo anavyokuuliza wewe."

"Kama Jumirah?"

"Sauti ile ile. Tena unaanza kwa kusema yote ni kwa wakati wako."

Yapo matusi ambayo mtu husamehe, na hili halikuwa tusi, ndiyo maana lilimwingia. Warsiti alijiona, kanga imelegea, akisukuma sahani mbele ya Mwenyezi Mungu kila asubuhi kwa miaka na miaka. Alisikia joto la aibu mpaka masikioni.

"Nikiacha kumwuliza," akasema polepole, "si ndiyo nimekata tamaa?"

"Nilipokuwa mgongoni kwako nikanyamaza, ulidhani nimekata tamaa?"

"Nilidhani umelala."

"Basi."

Warsiti akacheka. Alianza kwa kwikwi, ikawa kicheko, mpaka kabati likatikisika na walioko nje wakaanza kusoma aya za kuwafukuza majini. Akamkumbatia mdogo wake, au tuseme aliacha kujizuia, maana walikuwa wamekumbatiana tayari. "Haya. Nitaacha. Sijui nitamwambia nini badala yake, lakini nitaacha."

Kabati lile, kama ulivyo ukarimu wa binamu wengi, lilikuwa la bei poa. Halikufunguka kwa ndani. Ilibidi Danang aitwe na bisibisi, na ndivyo ilivyokuwa kwamba bwana arusi alimpata mke wake kwa kung'oa bawaba, mbele ya wazee wote wa pande mbili. Wanawake wawili wakatoka wamelowa jasho, wanja umewashuka mpaka mashavuni.

Warsiti akasimama mbele ya kipaza sauti bila kungoja kuulizwa. Hakuwa amesafika moyo wote. Alijikagua haraka akakuta bado kuna pembe moja inauma, na pengine itaendelea kuuma. Lakini haikuwa inamtakia Wening baya lolote, na aliamua hiyo pembe amwachie Mungu, waishughulikie pamoja polepole.

"Nimeridhia," akasema, na akasikia kwamba ni kweli.

Mama Sarmi alilia kwa sauti. Wening akaruka alichobakiza ndama.

"Na huyu ndama?" akauliza mjomba wa Danang, matumaini yakimrudia usoni.

"Rudi naye."

"Na mbuzi?"

"Rudi naye pia. Zawadi yangu anaitaja Wening."

Wening akaitaja, na Mzee Sukarman, ambaye hajui kusema jambo dogo kwa udogo wake, akaamuru hadhara isimame. Akawaapisha mstari kwa mstari, kuanzia leo hadi kufa, kwamba hakuna ndugu, jirani wala mpita njia atakayemwuliza Warsiti binti Marto swali la lini, kwa namna yoyote, kuhusu jambo lolote. Wote wakasema ndiyo. Jumirah alisema ndiyo kwa shida, kama mtu anayemeza mwiba. Walipokwisha kukaa walimzunguka Warsiti na sahani zao mikononi, wakimtazama, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua mtu wa namna hii huambiwa nini.

"Warsiti," Jumirah akasema mwishowe, "umekula?"

Warsiti akafikiri. Hakuwa amekula tangu jana yake, na alishangaa jinsi swali lile lilivyomtoa machozi.

Ndoa ikafungwa kesho yake. Ilipofika siku ya tano Wening akachukuliwa kwa wakweze, tayari kwa meli, na nyumba ikabaki na vitu vyake.

Alfajiri iliyofuata Warsiti alisali, akainua mikono. "Mola wangu," akaanza, "yote ni kwa wakati..." Ulimi ukaifuata njia yake ya siku zote. Akauzuia. Upande wa pili wa ukuta wa mbao hapakuwa na mtu wa kumsikia kama anatimiza ahadi. Akakaa na mikono wazi, hana la kusema. Aliona haya, kama mgeni ambaye miaka yote amefika nyumba ya watu kudai tu, na leo hana anachodai na hajui akae wapi. Akasema asante kwa Wening. Akasema asante kwa mama. Halafu akakaa tu. Haikuwa vibaya. Akakaa zaidi, mpaka kukapambazuka, mpaka jua likafika kwenye mlango wa jokofu, ndipo akashtuka kwamba hajachemsha hata jani moja la mchicha, na hii ndiyo siku ya kwanza ya kufungua kibanda tangu arusi.

Akakimbia nje, kilemba mkononi, tayari kwa kelele. Hapakuwa na kelele. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Jirani na Paijo wake, walimu wawili, dereva wa lori la mchanga, na Jumirah mbele kabisa, wote wamekaa kimya, sahani tupu magotini.

"Jamani, mko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa ya kawaida," akasema dereva.

"Na hakuna aliyebisha hodi hata kuuliza chakula kitaiva..." Akakatiza mwenyewe.

Watu wakatazamana. Dereva akakuna shingo. "Tuliapa," akasema.

"Kwa hiyo mmekaa tu."

"Tumekaa tu."

"Na kama nisingetoka?"

Jumirah alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hila hata chembe, kana kwamba ameulizwa kama maji yamelowa.

"Utaachaje kutoka, mwanangu?" akasema. "Sisi si tunakujua?"

Warsiti alibaki amesimama na kilemba mkononi. Akaangalia mbinguni mara moja tu, haraka, kama mtu aliyeitwa jina lake. Kisha akaingia jikoni, akawasha moto, na wale watu wakaendelea kusubiri.